Umeme Katika Miguu Iliyopooza: Yapi ya Kutarajia, Yapi ya Kujihadhari Nayo

Mnazi ni mti wa baraka katika pwani yetu, na pia ni mti wa misiba. Kuanzia Mtongwe na Timbwani hadi Shika Adabu, na kuendelea hadi Ng'ombeni na Matuga, hakuna mtaa usiomjua mkwezi aliyepanda asubuhi kuangua nazi akiwa mzima wa afya, kisha akarudi chini kwa kuanguka. Msimu wa maembe nao huwatia hatarini vijana na hata watoto. Siku hizi bodaboda na majengo ya ghorofa yameongeza hesabu hiyo. Aliyenusurika huombewa dua, na jamaa humshukuru Mola kwa uhai wake. Kisha siku zikipita hubainika kwamba miguu haina habari na mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo. Nyuma ya kila mmoja wao yupo mtu anayemgeuza usiku, anayemwosha na kumbadilisha nguo, na aghalabu mtu huyo ni mama, mke, dada au binti. Kwa hiyo makala haya yanawahusu wanawake kwa namna ya pekee, kwani wao ndio wanaoulizwa kwanza kila linapozuka tumaini jipya.

Na tumaini jipya limezuka. Simu zetu zimejaa picha za video za watu wa Ulaya na Marekani waliopooza, wakiunganishwa na nyaya, wakisimama na kupiga hatua. Dada mmoja wa hapa Likoni ametufikishia swali. Kaka yake alianguka mnazini, na sasa ni mwaka wa pili hajasimama. Amejitokeza muuzaji wa mashine ya umeme anayeahidi kwamba kijana atatembea baada ya miezi mitatu, na wazee wa familia wanafikiria kuuza sehemu ya shamba la urithi ili wainunue. Yeye auliza: je, umeme huu ni kweli au ni hadaa?

Jibu ni kwamba umeme ni kweli, lakini jina hilo moja limebeba mambo mengi yasiyofanana, na mengine kati yake hayamfai kaka yake hata kidogo. Kabla ya shamba kuuzwa, yapaswa kujulikana ni jeraha la aina gani alilo nalo. Hilo hujulikana kwa uchunguzi ambao sehemu yake muhimu huchukua dakika chache tu.

Mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na ndani yake umepita ugwe, mfano wa kamba laini isiyozidi unene wa kidole kidogo. Ugwe huo ndio njia ya ujumbe. Ubongo ukitaka mguu uinuke, amri hushuka kupitia humo hadi kwenye chembe za fahamu za sehemu ya chini, nazo hupeleka amri kwenye misuli kwa mishipa ya fahamu. Pingili ikivunjika na kuubana ugwe, njia hukatika. Mguu wenyewe haukuumia, wala misuli yake, na mara nyingi hata chembe zile za chini zingali hai. Ni mfano wa nyumba ambayo waya wake umekatika barabarani: taa ni nzima, swichi ni nzima, ila hakuna kinachofika.

Umeme wa tiba hutumia uhai huo uliobaki. Vibandiko viwili vyenye nyaya huwekwa juu ya ngozi ya paja, na mashine hutuma mipigo midogo, kwa kawaida kati ya 20 na 50 kwa sekunde. Mshipa wa fahamu ulio chini ya ngozi huipokea mipigo hiyo kana kwamba ni amri iliyotoka kwenye ubongo, na msuli hukaza. Mguu hunyooka. Mwenye mguu huutazama ukisogea pasi na yeye kuuamuru.

Wazo lenyewe si geni. Katika karne ya kwanza tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, aliwashauri wenye jongo na maumivu ya kichwa wamtumie samaki wa baharini wa jamii ya taa ambaye mwili wake hutoa umeme. Karibu na mwaka 1200 tabibu wa Kiislamu Abd al-Latif al-Baghdadi alizuru Misri, na katika kitabu chake kuhusu nchi hiyo akamweleza samaki wa Mto Nile anayemtetemesha na kumtia ganzi kila anayemshika. Waarabu wamemwita samaki huyo kwa jina litokanalo na shina lile lile lililotupa sisi Waswahili neno radi. Ilipofika mwaka 1961, mtaalamu Liberson na wenzake huko Marekani walitengeneza kifaa cha kuinua unyayo wa mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, ili asikwaruze vidole chini anapotembea. Vifaa vya aina hiyo vingali vikitumika hadi leo.

Mguu unaoruka wenyewe

Kuna jambo ambalo mama wa nyumbani huliona kabla ya daktari. Majeruhi huletwa nyumbani miguu ikiwa imelegea kabisa. Wiki au miezi ikipita, siku moja shuka linagusa unyayo na mguu unaruka, au goti linakunjika lenyewe, au mguu wote unatetemeka. Nyumba nzima hushangilia, na jirani huitwa aje aone. Wengine hukasirika daktari akiwaambia kwamba huko si kupona.

Daktari asema kweli, lakini mara nyingi hasemi nusu ya pili, na nusu hiyo ndiyo yenye faida. Mguu unaoruka hauonyeshi kwamba njia ya juu imefunguka. Unaonyesha kwamba chembe za fahamu zilizo chini ya jeraha zingali hai na zinazungumza na misuli. Hiyo ndiyo hali ambayo umeme unahitaji. Kwa mgonjwa wa namna hii, vibandiko vikiwekwa pajani msuli utaitika.

Aliye tofauti ni yule ambaye miguu yake ilibaki imelegea kama kitambaa mwezi baada ya mwezi, mapaja yakakonda upesi, wala hairuki kwa kuguswa. Hapa ndipo jambo hili linapoihusu pwani yetu. Ugwe hauendi hadi mwisho wa mgongo. Hukomea karibu na pale mbavu zinapoishia na kiuno kuanza, na chini ya hapo hubaki nyuzi nyingi ambazo madaktari huziita mkia wa farasi. Mtu aangukaye kutoka juu na kutua kwa makalio au kwa miguu, mara nyingi huvunjika pingili za sehemu hiyo hiyo. Jeraha likiziua chembe zenyewe za mwisho wa ugwe au kuzikata nyuzi za mkia wa farasi, basi msuli umekatiwa waya wake wa mwisho. Mashine ya kawaida, hata ikiwa ya bei ya juu namna gani, haitaukaza. Huko Vienna wataalamu wamejaribu mipigo mirefu zaidi yenye nguvu ili kuihifadhi misuli ya namna hiyo, lakini ni kazi ya vifaa maalumu na ya miaka, na lengo lake kubwa ni kuuokoa msuli usiyeyuke.

Basi yule dada tumemshauri hivi: kabla ya kumjibu muuzaji, kaka yake apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali, na ombi liwe moja tu, kwamba ajaribiwe kwa mashine iliyopo kama misuli ya mapaja inakaza au haikazi. Isipokaza, familia imeepushwa na hasara ya shamba. Ikikaza, mlango uko wazi, nalo swali linalofuata ni umeme utamfanyia nini.

Linalofaa kuongezwa ni kwamba uchunguzi huo usifanywe katika wiki za mwanzo na ukachukuliwa kuwa hukumu ya mwisho. Baada ya ajali ugwe hupigwa na mshtuko, na hata sehemu zilizo hai hunyamaza kwa muda.

Mashine zinazouzwa na kazi wanazozifanya

Mashine ndogo nyingi zinazotembezwa mitaani na kutangazwa katika simu ni za kutuliza maumivu. Wataalamu huziita TENS. Hutuma umeme hafifu unaovuruga ujumbe wa maumivu kabla haujafika kwenye ubongo, nazo hupatikana katika vyumba vingi vya fiziotherapia, ambako huwafaa wenye maumivu ya kiuno na ya magoti. Hazikutengenezwa kumsimamisha aliyepooza. Muuzaji anayemvisha mgonjwa mashine hii na kumwambia kuwa inaamsha mishipa iliyokufa, ama hajui anachouza au anajua vizuri sana.

Aina ya pili ni ile ya kukaza misuli kwa mpangilio ili itende kazi. Mfano wake unaojulikana zaidi ni baiskeli isiyosogea. Mgonjwa huketi, vibandiko huwekwa kwenye mapaja na makalio, na kompyuta huikaza misuli kwa zamu hata miguu ikazungusha pedali. Katika tafiti, mazoezi haya hufanywa mara kadhaa kwa wiki kwa miezi mingi. Faida yake imethibitishwa: paja hurudisha unene, damu huzunguka vizuri, moyo na mapafu hupata mazoezi ambayo mtu wa kiti cha magurudumu huyakosa. Makalio yenye nyama hustahimili kukaa kuliko makalio yaliyobaki mfupa na ngozi. Yote haya ni neema kubwa. Lakini mgonjwa akishuka katika baiskeli hurudi katika kiti chake, na akiacha mazoezi faida huyeyuka kama ilivyokuja. Umeme huu ni mazoezi, si dawa ya kumeza mara moja ukapona.

Yafaa pia ijulikane kwamba msuli unaoamshwa na umeme huchoka upesi. Ubongo hukaza nyuzi za msuli kwa kupokezana, mfano wa mabaharia wanaopeana zamu za makasia. Umeme huziita zote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kutembea kwa umeme wa juu ya ngozi hakujawa safari ya kwenda sokoni. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Wright State huko Ohio, msichana Nan Davis alipiga hatua kwa misuli iliyoongozwa na kompyuta, na mwaka 1983 akatembea kwenda kupokea shahada yake, dunia ikitazama. Magazeti yakaandika kwamba kupooza kumeshindwa. Mitambo ikabaki maabara, na maisha yake ya kila siku yakaendelea katika kiti cha magurudumu. Video tunazoziona leo zitazamwe kwa kumbukumbu hiyo.

Aina ya tatu ndiyo iliyoleta msisimko wa miaka hii. Badala ya kuamsha msuli, umeme huelekezwa kwenye ugwe wenyewe, chini ya jeraha. Mmarekani Rob Summers aligongwa na gari mwaka 2006, na mwaka 2009 akafanyiwa upasuaji wa kuwekewa bamba dogo lenye ncha 16 za umeme juu ya ugwe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: umeme ukiwashwa aliweza kusimama akiubeba uzito wake mwenyewe, na baadaye kusogeza miguu kwa kutaka kwake. Kilichowashangaza wanasayansi ni hicho cha mwisho, kwani kilionyesha kwamba hata katika jeraha lililodhaniwa kuwa kamili, nyuzi chache zaweza kuwa zimebaki, zikiwa dhaifu mno kusikika. Umeme huuinua ugwe kutoka usingizini, nao huisikia sauti hiyo ndogo. Lakini kabla ya upasuaji Summers alikwisha kufanya mazoezi mazito kwa zaidi ya miaka miwili.

Huko Lausanne, Uswisi, mwanasayansi Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch, ambaye ni mwanamke, walitangaza mwaka 2018 kwamba watu watatu waliopooza wametembea kwa msaada wa vifaa. Mmoja wao aitwa David Mzee, jina ambalo sikio la Mswahili haliwezi kulipita bila kugeuka. Mwaka 2023 kundi hilo hilo lilieleza habari za Gert-Jan Oskam, raia wa Uholanzi, ambaye aliwekewa vifaa kichwani na mgongoni, hivi kwamba kifaa cha kichwani husoma nia yake ya kutembea na kuipeleka chini ya jeraha bila kupitia njia iliyokatika. Hizi si hadithi za kubuni. Lakini ni watu wachache, katika maabara chache, kwa gharama ambayo hata nchi tajiri hazijaanza kuwalipia raia wao wote.

Yenye matumaini ya karibu zaidi kwa watu wa kawaida ni aina isiyohitaji upasuaji. Katika utafiti uliochapishwa Mei 2024, watu 60 waliopoteza nguvu za mikono kwa jeraha la shingo, baadhi yao wakiwa na miaka mingi tangu kuumia, walifanya mazoezi ya kawaida kwa miezi miwili, kisha miezi miwili mingine wakafanya mazoezi yale yale huku vibandiko vikiwa shingoni vikipeleka umeme kwenye ugwe. Asilimia 72 walipata nafuu ya nguvu na pia ya matumizi ya mikono. Nafuu hiyo si kutembea. Ni kubana kijiko, kufunga kifungo, kushika simu. Anayemlisha mtu mzima kwa mkono wake mara tatu kwa siku ajua uzito wa habari hiyo. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikiidhinisha kifaa hicho, na waliolengwa ni wale ambao jeraha lao halikukata mawasiliano yote.

Lipo na onyo kutoka historia. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha kifaa cha kupandikizwa mwilini kilichowawezesha waliopooza mikono kushika vitu. Kilifanya kazi, na zaidi ya watu 200 walikipata. Mwaka 2001 kampuni iliyokiuza ikaacha biashara hiyo kwa kuwa haikuona faida, na wenye vifaa ndani ya miili yao wakabaki kutafuta nani atawahudumia. Ikiwa hayo yaliwapata wenye hospitali mlangoni, yatupasa nasi kuuliza, kila tunapoonyeshwa mashine, vibandiko vyake vitanunuliwa wapi vikiisha, na nani ataitengeneza ikiharibika.

Tuliyonayo hapa nchini

Mwaka 2012 Wakenya walimwona Zack Kimotho, aliyepooza baada ya kupigwa risasi na wezi wa magari mwaka 2004, akianza safari ya kiti cha magurudumu kutoka Nairobi kuelekea Afrika Kusini. Nia ilikuwa kuonyesha umbali ambao Mkenya hulazimika kwenda kutafuta utengamao kamili, na kuchanga shilingi milioni 250 za kujenga kituo hapa nyumbani. Hospitali ya umma iliyo mahsusi kwa majeruhi wa uti wa mgongo ni ile ya Kitaifa iliyoko Nairobi, ambayo historia yake inarudi hadi miaka ya 1940, zama za Vita vya Pili vya Dunia. Vitanda vyake havitoshi nchi nzima.

Kwetu sisi wa ng'ambo ya feri, mlango wa kwanza ni Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi bado twaiita Makadara, na idara yake ya fiziotherapia. Anayehitaji kiti cha magurudumu na mafunzo ya kujitegemea aulizie Chama cha Walemavu wa Viungo, APDK, kinachojulikana sana Mombasa kwa karakana zake za Bombolulu zilizoanzishwa mwaka 1969. Na kila majeruhi aandikishwe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa kuwa misaada ya vifaa hupitia huko. Wengi huona haya kumwandikisha kijana wao, wakidhani ni kukata tamaa. Kadi hiyo haimzuii mtu kupona.

Tukisema kweli, wengi wa majeruhi wetu hawapotezi maisha kwa kukosa umeme. Huyapoteza kwa vidonda vya kulalia na kwa maradhi ya mkojo na figo. Mgonjwa asiyehisi hawezi kulalamika kwamba ubavu umechoka, basi hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na akiwa kitini huinuliwa au huinamishwa mara kwa mara. Kila jioni ngozi ikaguliwe kwa taa: kisigino, nyonga, kifundo, na mfupa wa mwisho wa mgongo. Alama ya wekundu au weusi isiyoondoka ni kidonda kinachoanza ndani, na dawa yake ya kwanza ni kuiondolea uzito sehemu hiyo. Kibofu kimwagwe kwa wakati kama ilivyofundishwa hospitalini, na mikono ioshwe kabla ya kuugusa mpira wa mkojo. Viungo vinyooshwe kila siku, maana goti lililoganda kwa kukunjika halitanyooshwa na mashine yoyote. Mwenye kidonda kikubwa au kiungo kilichoganda hukataliwa hata anapopata nafasi ya tiba ya umeme. Mama anayemgeuza mwanawe saa nane za usiku ndiye anayeihifadhi nafasi hiyo.

Mwenye jeraha la kifuani juu au shingoni ana hatari yake maalumu. Kibofu kikijaa, mpira ukikunjika, choo kikikwama, au hata umeme ukiwa mkali mno, presha ya damu yaweza kupanda ghafla. Dalili zake ni kichwa kupiga kwa nguvu, uso kuwa mwekundu na jasho kutoka juu ya jeraha. Mketishe wima mara moja, legeza nguo, tazama mpira wa mkojo, na asipotulia kwa dakika chache akimbizwe hospitali. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ngozi isiyohisi huungua bila mwenyewe kujua, umeme usianzwe nyumbani bila mtaalamu. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mjamzito, mwenye damu iliyoganda mguuni na mwenye kifafa wamwambie mtaalamu kabla ya kubandikwa chochote. Mifupa ya miguu iliyokaa miaka bila kubeba uzito huwa myepesi, nayo yaweza kuvunjika kwa mkazo wa msuli.

Limebaki suala la ndoa, ambalo huzungumzwa kwa kunong'ona. Mke kijana huambiwa na jamaa aombe talaka kwa kuwa hatapata watoto, na msichana aliyeumia huhesabiwa kuwa hafai kuolewa. Mwanamke aliyepooza miguu huweza kushika mimba na kuzaa kwa uangalizi wa daktari. Kwa mwanamume, hospitali kubwa zina njia za kitabibu za kupata mbegu, mojawapo ikiwa ni umeme, ili mtoto apatikane ndani ya ndoa yake. Wenye haja hiyo wamwone daktari wa njia ya mkojo kabla ya kuamua jambo la kudumu.

Wapo pia wanaoacha tiba kwa sababu vibandiko huwekwa mapajani na mtaalamu ni wa jinsia nyingine. Omba mtaalamu wa jinsia ya mgonjwa, na mara nyingi hupatikana. Asipopatikana, wanazuoni wameruhusu kwa haja ya matibabu, pakafunuliwa kiasi kinachohitajika tu, na ndugu wa karibu akawepo chumbani. Ama swala, haimwondokei mgonjwa mwenye akili timamu. Huswali ameketi, au amelala, kadiri awezavyo, na asiyeweza kutumia maji hutayamamu. Mwenye mpira wa mkojo huhesabiwa na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii kuwa mwenye udhuru wa daima: hutawadha baada ya wakati wa swala ya faradhi kuingia, kisha akaswali. Anayemhudumia amtayarishie maji au mchanga safi kabla ya adhana, naye amwulize imamu wa msikiti wake kuhusu hali mahsusi ya mgonjwa wake.